Vyuma vya Hema

"Mnunuzi anakuja saa nane," Zadock aliniambia tukisimamisha hema la kanisa pale Brooklyn Park. "Acha alichukue hilo gari. Nimechoka kutetemeshwa."

Kwa miaka mitatu mume wangu alikuwa akilifufua gari lake la zamani, lile la paa la kukunja, na bado likishika kasi kioo cha mbele kilicheza kama jino bovu.

Nilikuwa nafunga kamba kwenye chuma cha kushikilia mguu wa hema. Kilikuwa kizito, cha mviringo kama mtungi, chenye matundu mawili ya bolti.

"Hivi vinne ulivitoa wapi?"

"Kwenye hilo gari, kila pembe kimoja. Ni uzito tu wa kuzuia gari lisiteleze kwenye theluji, kama magunia yetu ya mchanga kwenye buti."

"Na nani hufunga mchanga kwa bolti?"

Zadock akapiga magoti, akakitikisa. Ndani kitu kizito kikacheza taratibu kwenye mafuta.

"Kumbe hivi ndivyo vinavyomeza mtetemo," akasema polepole.

Dakika kumi baadaye, pasta na wazee watatu wa kanisa walikuwa wamesimama, kila mmoja ameshika mguu mmoja wa hema. Zadock alikuwa chini ya gari na spana. Mimi nilikuwa nampigia mnunuzi simu asije.