Aliyeharibu Njugu

Nabwire alikula peke yake nyuma ya jiko, juu ya jani la mgomba. Sahani za nyumba hakuruhusiwa kuzishika mpaka njugu zing'olewe. Hakuna aliyemgusa, hata watoto walimpitia mbali. Ndivyo alivyotendewa mwanamke aliyeingia shamba la njugu akiwa katika siku zake, akaliharibu.

Na shamba lilikuwa limeharibika kweli. Njugu zilidumaa, majani yakawa manjano na kujikunja kama masikio ya mbwa mgonjwa. Zilikuwa za Beldina, mama mkwe wake. Kwa njugu hizo alitaka kumlaki mwanawe Bramwel, mume wa Nabwire, aliyekwenda kazi ya reli Mombasa kabla bendera ya Uhuru haijapandishwa, na ambaye kwa miaka miwili hakuwa ametia mguu nyumbani.

Wanawake walipokusanywa waulizwe nani alipita shambani, Nabwire hakungoja swali lirudiwe.

"Ni mimi, mama. Nilikuwa kwa siku zangu. Nilisahau."

"Bramwel akirudi ndiye ataamua," Beldina alisema. "Utakaa hapa ama utarudi kwenu Mautuma."

Tangu hapo Nabwire alitembea akitazama chini. Jirani yao Mildred, ambaye mdomo wake haukuwa na mlango, alicheka.

"Wengine aibu huwakondesha. Huyu inampatia mashavu!"

Nabwire alijifunga leso yake upya.

Asubuhi moja bwana shamba alifika na baiskeli yake. Cleophas alikuwa kijana wa soksi ndefu, na mfukoni alikuwa na kioo cha kukuzia vitu. Alipiga magoti kati ya njugu, akageuza jani. Wanawake wakamzunguka. Nabwire alisimama ukingoni, karibu na ua, mahali pa aliyekatazwa.

"Mama, tazama," alimwambia Beldina, akimpa kioo.

Chini ya jani walijaa wadudu weusi, kama punje za wimbi zilizomwagika.

"Hawa ni vidukari. Wananyonya njugu iliyo mgonjwa, halafu wanapelekea nzima ule ugonjwa. Wako kila shamba, mpaka kule Isecheno."

"Na wanatoka wapi wengi hivi?" Beldina aliuliza.

"Wanazaliwa tu, mama. Jike hangoji dume."

Mildred alipiga makofi. "Hana bwana na anazaa! Huyo amebahatika, hana mama mkwe!"

Wanawake walicheka mpaka wakashikana mabega. Nabwire hakucheka.

Cleophas alinogewa kwa kupata watu wa kumsikiliza. "Tena ndani yake mna bakteria, vijidudu ambavyo hata hiki kioo hakivioni. Utomvu wa njugu peke yake haumtoshi. Hivyo vijidudu ndivyo vinamtengenezea chakula kilichopungua. Bila hivyo hana maisha, na navyo nje yake vinakufa. Mama humpa mtoto vijidudu hivyo angali tumboni. Ukitazama unaona mdudu mmoja, kumbe wamebebana."

Nabwire alivuta leso yake mbele.

"Na mwanamke akipitanga hapa akiwa kwa siku zake?" Beldina aliuliza polepole.

"Hiyo haidhuru njugu hata kidogo. Hakuna mwanamke aliyeharibu shamba hili."

Beldina alimrudishia kijana kioo chake. Alijifuta macho kwa pindo la kitambaa cha kichwa, kisha akavuka matuta yote, akikanyaga njugu bila kujali, mikono ameifungua.

"Mwanangu, nimekuonea. Nimekulisha kwa jani kama mchawi."

"Hapana, mama." Nabwire alirudi nyuma. "Usiniguse. Njugu hazijang'olewa."

"Wacha hayo! Si umesikia vile bwana shamba amesema?"

"Nimesikia, mama. Lakini ni mimi. Haki ya Mungu, ni mimi nilipita."

"Kuja hapa!"

Mgongo wa Nabwire uligota kwenye ua. Alitafuta upenyo kulia, akatafuta kushoto. Wanawake walikuwa wamesogea wote, wakitabasamu, Mildred akiwa mbele na machozi yakimlenga.

Beldina akamkumbatia kwa nguvu zake zote, kifua kwa kifua, tumbo kwa tumbo.

Kisha mikono yake ikalegea. Katikati yao, ndani ya leso, kitu kilikuwa kimepiga teke.