Korongo Apima Mto

Korongo ndiye aliyekuwa mpimaji wa mto, na hakuwahi kukosea mpaka alipojiunga na chama cha Kiboko. Mwaka ule wa uchaguzi, Kiboko aliwaahidi wanyama kwamba wangevuka kwa miguu kwenda malishoni. Korongo akapima, maji yakamfika shingoni, naye akatangaza, "Ni ya magoti!"

Digidigi, aliyekuwa na mtoto mchanga, akamwambia, "Tangulia basi, mtaalamu, sisi tukufuate."

Kiboko alimkazia macho Korongo, ikabidi aingie. Alipofika katikati, kilichoonekana juu ya maji ni mdomo tu.

"Yamefika wapi, mzee?" Digidigi akauliza kutoka ukingoni.

"Inategemea," Korongo akajibu huku akipaliwa na maji, "unampigia nani kura."

Digidigi akamgeuza mwanawe, wakarudi nyumbani.