Jiwe la Nyayo

Mejumaa alitia mkono mtungini, akalishika jiwe, na vidole vyake havikuteleza.

Lilipaswa kuteleza. Kwao bara, mtoto anapotolewa arobaini, husuguliwa nyayo kwa jiwe la mto wa kina mamake, lenye utando wa kijani, ili asipotee njia ya kurudi. Wanawe wawili wa kwanza walitoka nyayo kijani kibichi, na majirani wa Mji wa Kale wakacheka mpaka wakachoka; leo ilikuwa zamu ya wa tatu.

Akalitoa. Lilikwaruza kama kipande cha chungu, likamwachia kutu kiganjani.

"Hili umeliokota wapi?" akamuuliza kakake, aliyevuka daraja la Makupa kutoka bara asubuhi ile na mtungi wa maji ya mto begani.

"Pale pale petu, dada. La kijani hakuna tena. Tangu wale Wazungu wachimbe shimo lao la madini huko juu, mto umetakata! Sindano ikianguka, unaiona chini."

"Na vyura?"

"Hatuwasikii siku hizi."

"Na samaki?"

Kakake akacheka kidogo. "Wewe nawe! Maji haya kayateka mama kwa mkono wake. Tumbo linamsumbua, maskini, na hanywi mengine. Asema hajaona masafi kama haya tangu azaliwe."

Mejumaa akazifunika nyayo za mtoto kwa leso, taratibu, moja baada ya nyingine.

"Hilo tumbo," akasema, "lilianza kabla mto haujatakata, au baada?"

Kakake akautazama ule mtungi.