Hadithi Isiyolainishwa

Sheria ilitaka kila msomaji wa hadithi avae bangili ya kupima mapigo ya moyo. Moyo ukienda mbio kupita kiwango, maneno yaliyobaki kwenye kioo cha simu yalijibadilisha ili kumtuliza.

Tunu alipenda mno hadithi za ajabu, lakini hakuwahi kuufikia mwisho halisi wa hata moja. Jioni ile alisoma habari za mgeni aliyekaribishwa chakula akakataa kuondoka. Alipofika katikati moyo ukamdunda, na papo hapo mgeni akawa mjomba kutoka Tabora, kaleta asali.

"Mjomba tena!" akafoka. "Wa nne huyu wiki hii."

"Mjomba yupi?" akauliza mumewe, Mbaraka, aliyekuwa ameimaliza hadithi hiyohiyo. "Kwangu hakuna mjomba."

Tunu akainuka. "Baba Nasra, ya kwako haikubadilika? Hebu nisomee!"

Mbaraka akasoma kwa sauti ileile anayosomea matangazo ya kukatika kwa maji. Mgeni alikaa. Watoto wakaanza kumwita baba. Baba yao akawa anakula jikoni, baadaye uani, mwishowe hakuna aliyekumbuka kumpakulia.

Mwili ulimsisimka Tunu, akafurahi. Hofu ile ilikuwa yake nzima, haikupunguzwa na mtu.

"Na wewe moyo haukwenda mbio hata kidogo?"

"Uende mbio kwa lipi, Mama Nasra? Mgeni alifanya sawasawa. Hakuharakisha."

Tunu akacheka, akamngojea naye acheke. Mbaraka alikuwa amerudi ukurasa wa kwanza, anasoma upya, polepole.