Mguu wa Nicanor

"Huo ni mguu, mzee, au unatwanga mahindi?"

Ukumbi ukacheka. Nicanor yuko jukwaani na gitaa lake, mguu wa kulia unapiga ubao wa sakafu, pu, pu, pu. Pembeni yake Eliberto anaimba, macho chini, peku.

Zamani Eliberto alikuwa mtu wa viatu vya kung'aa. Miaka mitatu sasa anaimba peku. Watu wa Santiago wanasema ni mbwembwe za uzee.

Hawa wawili wameimba son, muziki wa asili wa Kuba, pamoja miaka arobaini, Eliberto sauti ya kwanza, Nicanor ya pili. Leo kamati inapima waimbaji. Ukifeli unanyang'anywa kadi, na bila kadi hakuna ukumbi unaokupokea.

Migdalia, mkuu wa kamati, akainua mkono. Nicanor akaacha kupiga, Eliberto naye akanyamaza.

"Mzee Eliberto, sauti yako bado tamu. Unavumiliaje hizi kelele?"

"Anatunza koo," Nicanor akadakia. "Siku ya kuimba haongei na mtu."

"Basi nakwambia wewe. Mguu ukitulia, nyote mnaondoka na kadi. Usipotulia, yako inabaki hapa mezani."

"Mama, mimi nimezoea hivi."

"Zoea vingine."

Wakaanza upya. Mistari miwili, mguu ukatulia. Eliberto akaanza kupotea, akaliacha gitaa nyuma. Jasho likamtoka Nicanor. Akaiangalia kadi yake pale mezani, imechakaa pembe, kwenye picha bado ana nywele.

Akakanyaga. Kwa nguvu kuliko mwanzo.

"Kichwa ngumu wewe!" mtu akapiga kelele.

Eliberto akarudi kwenye mdundo, akaubeba wimbo mpaka mwisho. Wanawake wa viti vya mbele walikuwa wanajifuta macho.

Migdalia akaichukua kadi ya Nicanor, akaitupia kwenye droo. Ya Eliberto akaigonga muhuri, daraja la kwanza.

"Jumamosi anakwenda Havana," akasema. "Kuna bendi ya vijana inamsubiri. Peke yake."

Nicanor akaitikia kwa kichwa tu.

Ukumbi mzima ukasimama. Makofi, miluzi, "Eliberto! Eliberto!" Eliberto alikuwa amewapa mgongo, anakunywa maji taratibu, sura ya mtu aliyefeli. Hakugeuka.

Nicanor akamshika mabega, akamgeuza, ayaone makofi.