Maneno ya Kocha Mpya

Zikiwa zimebaki mechi nne timu itwae ubingwa, uongozi wa klabu ulimfukuza kocha, ukaleta mgeni asiyejua Kiswahili. Kilongola, kocha msaidizi, akageuzwa mkalimani.

Kabla ya mazoezi ya kwanza, chumbani mwa wachezaji, mgeni alisema maneno machache kwa lugha yake. Kilongola alikunja uso. Mwenyekiti, aliyesimama mlangoni, alimkonyeza alainishe tafsiri.

"Anasemaje, mwalimu?" aliuliza nahodha Matimbwa.

"Anasema mlifundishwa na mjinga, na nusu yenu hamjui mpira. Jumamosi anapanga timu nyingine."

"Kilongola!" mwenyekiti alifoka.

"Mlinitaka nitafsiri, mzee. Nimetafsiri."

Mgeni alitabasamu, akidhani ameeleweka vyema. Matimbwa aliinama, akaanza kufungua kamba za viatu. Kando yake, golikipa akavua glavu.