Upanga Ulioshikwa na Mchawi

“Upanga wako hautakata kitu humu,” dada yake alisema, kidole kikiwa juu ya kitabu cha kanuni. “Ukumbi huu unaua uchawi wote.”

Mpima damu aliweka kikombe chini. Kila Jumamosi mchana kwa miaka mitatu, kwenye meza hii ya kulia ya dada yake, alikuwa akimlea shujaa wake wa mchezo, shujaa wa kwenye karatasi, mpaka karatasi yenyewe ikachakaa kwa kufutwafutwa. Sasa, ndani ya ukumbi ule wa kitabuni, joka lilikuwa mbele ya shujaa, na kanuni haikuwa na huruma: shujaa akifa, karatasi inachanwa, unaanza upya na mwingine asiyejua hata kushika rungu. Roho ilimwuma kufikiria tu.

Dadu lake lilikuwa tayari, limelala juu ya pamba ndani ya kopo dogo. Alikuja nalo kutoka nyumbani na kulishika yeye peke yake. Hakuna aliyemshangaa, anayeshinda na damu za watu huzoea kujihadhari na vidole vya wenzake.

“Nani kasema upanga wangu ni wa uchawi?” aliuliza.

Kitabu kilisema uchawi unakufa ukumbini. Uchawi ni nini, hakikusema. Dada yake, ambaye ndiye mwamuzi wa mchezo, alimkumbusha kwamba upanga ule ulikuwa wa kawaida kabisa mpaka mchawi wa mlimani alipoushika. Tangu siku hiyo ukawa unakata mawe kama mkate.

Hapo dada alikuwa amemchokoza. Mtu huyu kazini huinamia darubini kutwa nzima, na mambo ya kuaminiamini tu hakuwa na subira nayo. Akamwaga somo zima la chuma, moto na maji baridi. Hata shemeji yake, aliyekaa pembeni akingoja zamu, hakusalimika: alichekwa kwa kuvaa fulana ileile kila timu yake inapocheza. Shemeji wa watu akanywea.

“Chuma ni chuma, dada. Mtu kukigusa hakubadilishi kitu.”

“Niandike hivyo? Nikiandika sifuti.”

“Andika. Tena kwa wino.”

Dada akaandika pembeni mwa ukurasa: kuguswa si uchawi. Upanga ukarudishiwa makali yake. Lilibaki jambo dogo tu, kutupa dadu lile la pande ishirini, na namba yoyote isipokuwa moja ingelimaliza joka.

“Hongera, mdogo wangu. Umenishinda.” Dada akanyoosha mkono, akalitoa dadu koponi, akaliviringisha kiganjani mwake, kisha akampa. “Haya, tupa.”

Mpima damu hakulipokea. “Umelishika,” alisema. Halafu akaivuta karatasi ya shujaa wake na kuichana katikati.